Kioo Cheusi cha The Sopranos na Wanaodai Hukumu

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na tamthilia ya kihalifu ya The Sopranos ilimalizika mwaka huohuo, Jumapili ya tarehe 10 Juni. Wanafunzi wanaoimaliza leo kwenye vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona, jirani na chuo hicho, walikuwa wachanga wakati huo, wengine hata hawajazaliwa, lakini hasira zao ni mbichi kana kwamba imerushwa jana usiku. Mmoja wao nilimkuta kwa muuza muvi, flashi mkononi.

“Kaka, hii ya mwisho imekatika. Nirushie nyingine.”

“Haijakatika, mdogo wangu. Ndivyo walivyoimaliza.”

“Sasa pati tuu yake iko wapi?”

Muuzaji akaifungua kwenye kompyuta yake, akasogeza hadi dakika za mwisho, tukatazama wote watatu. Tony Soprano, bosi wa genge la New Jersey, amekaa mgahawani na mkewe na mwanawe wa kiume. Binti yake yuko nje anahangaika kuegesha gari. Mwanamume aliyekuwa kaunta ameinuka na kuingia chooni. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso, na hapohapo kioo kinakuwa cheusi. Wimbo uliokuwa ukipigwa umekatwa kabla haujaisha. Zinapita sekunde kama kumi za giza bila sauti, ndipo majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Yule kijana kabla ya kusema lolote aliangalia kwanza taa ya dukani, ahakikishe umeme upo.

Swali lake la pati tuu si la kijinga. Tumekulia kwenye filamu za Kibongo zilizouzwa nusu mbili, na nusu ya kwanza ilikuwa inakatwa palepale stelingi anaponyooshewa bunduki. Na alichofanya kijana huyu ndicho walichofanya Wamarekani usiku ule wa 2007. Watazamaji wapatao milioni 11.9 walikuwa mbele ya televisheni, na wengi walidhani kebo imekatika. Walipogundua kwamba haikukatika, walifurika kwenye tovuti ya HBO, kituo kilichoirusha, hadi ikazidiwa. Toka hapo wamegawanyika kati ya wanaousifu mwisho ule na wanaodai waambiwe kilichotokea, na mgawanyiko huo ndio umefika mpaka Ng'ong'ona.

Upande wa kwanza unasema mwisho ule ni kazi ya kipaji, na wanaolalamika hawakuwa makini. Wana hoja nzuri. Wanakukumbusha kwamba kwenye sehemu iliyorushwa tarehe 8 Aprili 2007, Tony na shemeji yake Bobby wakiwa kwenye boti ziwani, Bobby anasema kwamba kifo kikikujia huenda hata husikii. Sehemu moja kabla ya ile ya mwisho, maneno hayo yanarudi kichwani mwa Tony. Kwa hiyo giza lile ndilo risasi yenyewe, ikioneshwa kwa macho ya anayepigwa. Mtunzi, David Chase, kwa miaka mingi alikataa kufafanua, ila mwaka 2021 alizungumza kwa namna iliyowafanya wengi waamini kwamba Tony alikufa. Pia alieleza jambo lililomkera: watu waliomshangilia Tony miaka yote, wakapenda ujanja wake na ubabe wake, mwishoni wakageuka na kutaka waoneshwe amelala kifudifudi kwenye sahani ya tambi.

Hoja hiyo ya mwisho inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nenda kibanda umiza chochote cha Majengo au Chang'ombe, utasikia watu wakimshangilia jambazi anavyovunja benki, halafu haohao wanapiga makofi akikamatwa. Ni rahisi kuwaita wanafiki. Mimi naona wamesomwa vibaya, na wamesomwa vibaya kwa karibu miaka 20 sasa, na wachambuzi ambao wanaona aibu kuonekana wanataka kitu kilekile anachokitaka mtu wa kawaida.

Chukua kwanza suala la damu. Watu wote wanaobishana kuhusu mwisho wa The Sopranos wanauliza kama Tony alipigwa risasi au la. Lakini kwenye sehemu ileile ya mwisho, wakili wake anamwambia kwamba uwezekano wa kushtakiwa ni asilimia 80 hadi 90, maana mmoja wa watu wake, Carlo, ameanza kuzungumza na serikali. Pale mgahawani, dakika chache kabla ya giza, Tony anamwambia mkewe kwamba Carlo atatoa ushahidi. Yaani jalada lilikuwa mezani. Kulikuwa na shahidi na wakili, na mashtaka yalikuwa njiani. Mtazamaji aliyekaa na sehemu 86 anajua orodha ya waliouawa pengine kuliko mwendesha mashtaka mwenyewe. Akiuliza mwisho wake nini, jibu la kwamba ana kiu ya damu halimfai, kwa sababu hakuomba lazima mtu auawe. Hata kifungo kingemtosha. Hata kuachiwa huru kwa kukosekana ushahidi kungemtosha, angesonya na kwenda kulala, lakini angekuwa ameambiwa.

Hapa ndipo mtazamaji wa Tanzania anapoielewa kiu hiyo haraka zaidi. Sisi tumezisoma habari za mahakamani mpaka tumezikariri. Mtuhumiwa wa mauaji hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Upande wa Jamhuri umeieleza mahakama kwamba upelelezi haujakamilika. Hakimu ameahirisha kesi hadi tarehe fulani itakapotajwa tena. Ukienda kwenye benchi la nje ya mahakama yoyote ya wilaya utawakuta ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa wamekaa hatua chache kutoka kwa wenzao, wote wamepanda daladala asubuhi, wengine wametoka Chamwino au Bahi na nauli ya kukopa, na wote wanarudi na tarehe nyingine. Hawa wanataka afungwe, wale wanataka aachiwe. Kitu kimoja wanachokubaliana bila kukaa kikao ni kwamba wanataka kesi iishe.

Wa upande wa kwanza watanijibu kwamba ndiyo maana mwisho ule ni wa kweli: maisha hayana hukumu, kwa nini tamthilia idanganye? Naiheshimu hoja hiyo. Tamthilia inayomfunga kila mhalifu inaweza kuwafanya watu waamini kwamba polisi wanafika kila mahali na mahakama haikosei, na huo ni uongo mbaya kuliko giza la sekunde kumi. Lakini naona hoja hii huwa inatolewa kwa urahisi zaidi na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye lile benchi. Aliyekaa pale hahitaji mtunzi wa New Jersey amfundishe kwamba mambo huachwa hewani. Analipia kifurushi au flashi ili walau jioni moja aone jalada likifunguliwa na kufungwa.

Kuna takwimu moja ambayo huwa nairudia kila ubishi huu unapoanza, hadi marafiki zangu wamenichoka. Tarehe 29 Agosti 1967, kituo cha ABC cha Marekani kilirusha sehemu ya 120 na ya mwisho ya The Fugitive. Ilimhusu Dk. Richard Kimble, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, akatoroka treni ilipopata ajali, na kwa misimu minne akawa anamsaka mwanamume mwenye mkono mmoja, aliyeamini ndiye muuaji, huku Luteni Gerard wa polisi akimsaka yeye. Usiku ule, kati ya kila televisheni 100 zilizokuwa zimewashwa Marekani saa hiyo, 72 zilikuwa zinaonesha kisa hicho. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 78. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na televisheni kabisa. Ilibidi tusubiri hadi 1994.

Najua takwimu hiyo ina mapengo. Vituo vikubwa vilikuwa vitatu tu, hapakuwa na mamia ya chaneli wala simu za mkononi, kwa hiyo kuchukua 72 ya 100 kulikuwa rahisi kuliko leo. Na inahesabu waliokuja, haisemi walioondoka wameridhika. Hata ukiyaweka mapengo hayo yote mezani, bado kuna jambo halifutiki. Siku hizo tamthilia za Marekani nyingi zilikuwa zinaachwa tu: kituo kinaacha kununua, hadithi inabaki ilipofikia, hakuna anayeomba radhi. Na kulikuwa na hofu ya kibiashara kwamba ukishatoa jibu, nani atanunua marudio? Walipoamua kutoa jibu, taifa zima likaketi. Waliketi kuona nini? Damu ilikuwepo, kwa sababu Gerard ndiye anayempiga risasi muuaji wa kweli. Ila kisa hakikuishia kwenye maiti. Kiliishia nje ya mahakama, Kimble akiwa amesafishwa jina, na Gerard akimpa mkono. Watu milioni 78 walikuja kumwona mtu akifutiwa kesi. Ukiniambia mtazamaji wa tamthilia za kihalifu anasukumwa na tamaa ya kuona mtu akichinjwa, nieleze wale 72 walifuata nini.

Mfano wa upande mwingine upo na siwezi kuukwepa. Tarehe 2 Mei 2021, BBC ilimaliza msimu wa sita wa Line of Duty mbele ya watazamaji wapatao milioni 12.8. Misimu kadhaa ilikuwa imejenga fumbo la ofisa mkubwa wa polisi anayeendesha ufisadi kwa siri. Jibu lilitolewa wazi kabisa: ni Ian Buckells, mkuu mzembe ambaye hakuna aliyemdhania kuwa na akili ya kuongoza chochote. Uingereza ikalalamika usiku kucha. Basi, wanasema wenzetu, ukiwapa wanalia, ukiwanyima wanalia. Ni kweli walilia, lakini sikiliza walilia nini. Walisema hukumu ni nyepesi kuliko jalada. Walibishana kama uzembe unaweza kweli kuficha uhalifu mkubwa kiasi kile, na wenye uzoefu wa ofisi za umma, hapa au kule, wanajua ubishi huo una maana. Walikuwa wanabishana na hukumu iliyokwisha kusomwa. Sijasikia kwamba kuna aliyekwenda kuangalia waya nyuma ya televisheni.

Kuna jambo jingine ambalo wasifuo giza la Tony hawalipimi, nalo ni namna watu wanavyotazama. Kati ya maneno ya Bobby kwenye boti na giza la mgahawani zilipita wiki tisa. Aliyetazama kwa kusubiri kila Jumapili alitakiwa kubeba sentensi moja kichwani kwa miezi miwili. Mwanafunzi wa Ng'ong'ona anayemaliza msimu kwa siku mbili ana nafuu, kwa sababu boti kaiona jana. Ila ukiipeleka tamthilia kibandani kwa sauti ya mtafsiri, nafuu hiyo inayeyuka. Mtafsiri hatafsiri kila kitu. Anachagua: vitisho, matusi, mapigano, na pale watu wanapoongea taratibu anajaza vichekesho vyake au anamtania stelingi. Mazungumzo ya watu wawili wazima kwenye boti, bia mkononi, hakuna bunduki, ndiyo yanayopita bila kutafsiriwa. Anayetazama hivyo akifika kwenye giza, hana ufunguo wowote. Kumwambia hakuwa makini ni kumwonea.

Na hata huko kwenye Kiingereza chao, kama jibu lilikuwa wazi kiasi hicho, ubishi wa miaka 14 kati ya 2007 na 2021 ulitoka wapi?

Sisemi Chase alipaswa kumlaza Tony kwenye tambi. Tena katika mambo aliyoyaeleza baadaye, ninalolipenda kuliko yote ni wazo lake la mwanzo, ambalo aliliacha. Tony angeitwa kwenye kikao New York, apande gari, aingie kwenye handaki la Lincoln, na giza liingie humo. Karibu kila sehemu ya tamthilia hii inaanza na gari la Tony likitoka kwenye handaki hilohilo, likielekea New Jersey, sigara kubwa mdomoni, hadi mlangoni kwake. Mtu aliyekaa na misimu sita amelitazama gari lile likitoka mara themanini na zaidi. Akiliona mara moja tu linarudi ndani, hahitaji boti, wala mtafsiri, wala mahojiano ya 2021. Hakuna risasi inayooneshwa na hakuna maiti, wapenda mafumbo wangebaki na giza lao, na yule kijana asingerudi dukani kudai pati tuu.