Ijumaa Usiku Si Usiku wa Ijumaa

Naam, ni kweli. Acheni kunipigia simu mmoja mmoja, nimechoka kujibu. Ni kweli sikufika Malaysia, ni kweli tiketi nilikuwa nayo, na ni kweli kosa ni langu. Lakini hayo mengine mliyoyasikia kwa sahibu yangu mwenye mashua, kwamba niliikimbilia ndege nikiburura sanduku mpaka askari wakanishika kanzu, ni uongo mtupu. Kwanza sikuvaa kanzu. Pili, nilipofika uwanjani ndege ile ilikuwa imeondoka saa ishirini na moja zilizopita. Ningeikimbiza hadi wapi? Wakati huo abiria wenzangu walishafika, wakala, wakaoga, wakalala.

Ila yeye mashua yake huvusha watu kutoka hapa Lamu kwenda Mokowe, upande wa bara, kutwa kucha, na kila anayeingia hupewa hadithi yangu kabla hajatoa nauli. Jana nimesikia kwamba sasa nililia. Kesho nitakuwa nimezimia. Heri niieleze mwenyewe ikiwa bado na ukubwa wake halali.

Msionijua: kazi yangu ni kupanga safari za watu. Niko kwenye nyumba moja ya wageni Shela, napokea watu wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda, nawapangia jahazi, punda, samaki wa kuchoma, kila kitu. Na jambo la kwanza ninalomfundisha mgeni, kabla hajakaa vizuri kwenye boti, ni saa. Namwambia, hapa kwetu siku huanza jua likizama na saa huanza jua likitoka, kwa hivyo ukiambiwa saa tatu asubuhi angalia saa yako, ikisema tisa ndiyo hiyo. Mwaka juzi mzee mmoja hakunisikia. Aliambiwa jahazi latoka saa tatu, akaja pwani alasiri saa tisa, amevaa kofia pana na taulo shingoni, jahazi limekwenda na kurudi. Hadithi hiyo nimeisimulia barazani miaka miwili. Naigiza hata vile alivyokuwa akitazama bahari. Mzee, popote ulipo, nisamehe. Nasema kwa moyo.

Sasa, safari yangu mwenyewe. Likizo ya siku kumi, Kuala Lumpur, kwa binamu yangu anayesoma huko. Akiba ya miaka miwili. Nyinyi mnaofuata stetasi zangu mnakumbuka, maana niliwafundisha hatua kwa hatua bila kuombwa. Kwamba pasipoti iwe imebakiwa na miezi sita au zaidi. Kwamba kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,550 na usingoje wiki ya mwisho. Kwamba Mkenya haombi viza ya Malaysia akikaa siku zisizozidi 30, lakini kuna fomu ya kujaza kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kwamba chanjo ya homa ya manjano ichanjwe siku kumi kabla, na kile cheti cha njano usikikunje. Kwamba usinunue adapta, plagi yao ni ya pini tatu kama yetu. (Mimi nilishainunua. Ndiyo maana nilijua.) Nilikuwa na faili la kijani, kila karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki. Kuna mmoja wenu aliniandikia, "Kaka, wewe ungepaswa kuwa waziri wa utalii." Nimeuhifadhi ujumbe huo. Nausoma nikitaka kujiumiza.

Tiketi ilisema hivi: Ijumaa tarehe 15, 00:45. Kufika, Ijumaa tarehe 15, 21:30.

Hapo pa kufika palinikera. Nikasema, hawa watu wavivu gani? Ndege inaondoka Ijumaa usiku, ifikeje Ijumaa hiyo hiyo saa tatu na nusu usiku? Yaani inafika kabla haijaondoka? Nikaona ni kosa la chapa. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata 15, nikaandika 16 juu yake, vizuri, kwa mwandiko wa mwalimu. Hata fomu ya Malaysia nikaijaza 16. Kisha nikairudisha tiketi kwenye plastiki yake, nikajisikia mtu makini sana.

Jumatano jioni nikaenda kumuaga bibi.

"Ndoo hapa, mwanangu. Ndege yaruka lini?"

"Ijumaa, bibi. Saa saba kasorobo usiku."

"Kesho usiku?"

"Si kesho, bibi. Kesho ni Alhamisi. Kesho nalala Mombasa kwa shangazi. Ijumaa napanda treni, Ijumaa usiku napanda ndege."

Bibi akaacha kusuka ukili wake. "Usiku wa Ijumaa ulale kwa shangazi yako? Na ndege ipandwe na nani?"

Nikacheka. Nilicheka, jamani, mkono begani mwake. Mnajua wazee wetu, usiku wa Ijumaa kwao ni Alhamisi jua likishazama. Nikamweleza taratibu, kwa ile sauti ninayowawekea wageni: "Bibi, hiyo ni hesabu yetu ya zamani. Watu wa ndege hawahesabu hivyo. Kwao siku mpya huanza saa sita ya usiku."

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Mimi nimeirudia kila siku tangu wakati huo. Niliitamka mwenyewe, kwa kinywa changu, nikiwa na tiketi ya saa saba kasorobo mkononi.

Bibi alinitazama kidogo, akarudi kwenye ukili wake. "Wewe ndiwe uliyesoma," akasema.

Alhamisi alfajiri nikavuka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, mgongo ukafa. Usiku niko Mji wa Kale kwa shangazi, nakula viazi vya karai, sina usingizi kwa furaha. Ikawa kama saa saba kasorobo. Nikapiga picha sanduku langu limesimama mlangoni, nikaandika: "Kesho wakati huu niko angani, inshallah." Mioyo mia moja na kumi na miwili. Ndipo dakika zile zile, kule Nairobi, mlango wa ndege ulipokuwa ukifungwa. Nyinyi wawili mliohifadhi picha hiyo na kuirudisha kwenye kundi juzi mkiwa mmeichorea duara jekundu, nawaona.

Ijumaa nikasali msikitini, nikaenda Miritini, treni ikaondoka saa tisa alasiri. Tumo ndani ya Tsavo, mtandao unakuja na kupotea, abiria wote dirishani wakitafuta ndovu, simu yangu ikatetemeka mara kumi na moja kwa mpigo. Binamu. "Nimefika uwanjani." "Ndege yako imetua." "Uko wapi?" "Umekwama uhamiaji?" "Nimesimama karibu na nguzo, nimevaa shati la buluu." "Watu wamekwisha kutoka." "Kaka???"

Huko kwao ni saa tano mbele, ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Na mimi, badala ya kushtuka, nikamhurumia. Nikasema masomo yamemzidi kijana. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, treni nzima ikinisikia: "Bwana mdogo, nenda kalale. Mimi nafika kesho. Leo ni tarehe 15, mimi nafika 16. Ukiishi nje ya nchi jifunze kusoma kalenda." Nikacheka mwishoni. Kicheko kimo kwenye rekodi. Binamu ameniambia hatakifuta.

Mlangoni mwa uwanja wa ndege askari akatazama tiketi, akaona 15, siku yenyewe ni 15, akanipisha. Kwa hivyo hata yeye simlaumu.

Haya, sasa kaeni vizuri. Saa tatu na dakika arubaini usiku nimesimama kaunta. Kofia ya vito kichwani, shati limepigwa pasi na shangazi mpaka linakata, viatu vipya vinanifinya. Sanduku liko juu ya mizani: kilo 22.8, na ruhusa ni 23. Nilikuwa nimelipima Lamu kwenye mizani ya muuza tende mara tatu, nikipunguza halua kipande kwa kipande. Nikamwonyesha dada wa kaunta ile namba kwa kidole, nikitaka aniambie hongera.

Akachukua pasipoti. Akabonyeza. Akasita. Akabonyeza tena, polepole. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Kisha akamgusa mwenzake bega, wote wawili wakainamia skrini, wakanong'ona.

Nami, wallahi, nikajua napewa kiti cha mbele. Si mmesikia watu wakipandishwa daraja bure? Nikanyoosha mgongo. Nikaweka tabasamu la mtu asiyependa makuu lakini akikaribishwa hatakataa.

"Kaka, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tano."

"Ndege yako saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo usiku."

"Ya tarehe?"

"Kumi na tano!" Nilijibu upesi, kama mtoto wa chuo aliyehifadhi sura yake.

Akanyamaza. Alikuwa na upole machoni, ule upole wa daktari anayevuta kiti akae kwanza. "Kaka, saa sita ya usiku ikishapita, tarehe inakuwa ngapi?"

Nikafungua kinywa. Jibu lilikuwepo. Jibu hilo nimewapa mamia ya wageni, juzi nimempa bibi yangu. Likafika kwenye meno, likasimama. Nikaanza kuhesabu vidole. Gumba, Alhamisi. Shahada, Ijumaa. Nikarudi gumba. Nikajaribu mkono wa kushoto, labda huko hesabu ni nyingine. Nyuma yangu kitoto fulani kikauliza, "Mama, huyu mjomba anafanya nini?" na mama mtu akamwambia nyamaza, anaomba Mungu.

Hapo ningenyamaza ningehifadhi kitu. Lakini kazi ni mazoea. Nikaegemea kaunta nikasema, "Dada, nadhani mashine yenu imechanganya. Unajua sisi watu wa pwani saa yetu huanza..."

"Mimi mtu wa Faza, Lamu huko huko, kaka," akasema. "Saa naijua."

Akanigeuzia skrini. Jina langu lilikuwepo, herufi zote sawasawa, na mbele yake alama ya kwamba sikutokea. Kisha akaivuta karatasi yangu kutoka kwenye plastiki ili anionyeshe pale palipoandikwa tarehe ya kufika. Akaona wino mwekundu. Akaona 15 imekatwa kwa rula. Ndiyo, nilitumia rula.

"Hapa nani aliandika?"

"Sijui," nikasema.

Huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo, na hakuna aliyeuamini, hata kile kitoto. Mizani bado ilikuwa inasema 22.8. Dada akalishusha sanduku mwenyewe, taratibu, kama anayeshusha maiti kutoka kwenye mashua.

Yaliyofuata hayana utamu. Usipotokea, hata tiketi ya kurudi hufutwa. Faini pamoja na nauli mpya vilishinda pesa zote nilizobakiwa nazo. Binamu nilimpigia, akanisikiliza, akaniuliza kama nami kule niliko ninaisoma kalenda. Nililala kwenye kiti.

Kurudi Lamu sikuweza. Nimeagwa na mtaa mzima, nimesomewa dua, nimepewa oda za marashi. Nikajificha Malindi. Nikapanga chumba cha bei ya chini, simu nikazima, nikajiambia Malindi nayo ni nje ya nchi kidogo, Waitaliano tele, hata muuza vinyago anakusalimia kwa Kiitaliano. Nilikaa ufukweni nikikumbuka kwamba mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi mpaka Uchina, akafika, akatazamwa na mfalme. Twiga. Hana pasipoti, hana faili, shingo ile yote, na alifika.

Siku ya tatu napita barabarani na aiskrimu ya pistachio, basi la Lamu likasimama watu wanyooshe miguu, akashuka jirani yetu wa Langoni. Akanitazama kutoka viatu mpaka aiskrimu.

"Kumbe Malaysia ndiko huku?"

Basi kabla halijafika Minjila, mwenye mashua alikuwa na habari zote.

Nikarudi nyumbani usiku, kwa uchochoro wa nyuma, nikakutana na watu wote niliokuwa nikiwakwepa kwa sababu nao walikuwa wamepita huko huko. Bibi nilimkuta macho. Hakunicheka. Akanikatia halua ile ile niliyoibeba, akanimiminia kahawa.

"Usiku ule wa Ijumaa," akasema, "nalikaa na tasbihi hata saa saba. Nikasema mwanangu sasa yuko yuu. Nikakusomea yote nnayoyajua."

Nilikuwa kwa shangazi, nakula viazi.

"Na hiyo ndege," akauliza, "ilifika salama?"

"Ilifika, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaongeza kahawa.