Shikamoo Farasi

Gari nimeliosha juzi kwa dola zangu mwenyewe, leo nimefika kazini vumbi mpaka kwenye nyusi. Na hapa ni Virginia, Marekani, mwendo wa saa moja tu kutoka Ikulu ya Washington. Si Kibaha ndani ndani.

Mwenzenu namtunza mzee mmoja nje kidogo ya Middleburg. Kulala nalala mbali, kodi za kule waachieni wenyewe. Mji wenyewe hauna hata watu 700, lakini kaunti yake, Loudoun, kwa miaka mingi inaongoza Marekani nzima kwa kipato cha kaya. Sasa kaunti hiyo ina maili zaidi ya 250 za barabara za changarawe. Msidhani serikali imewasahau. Wananchi ndio wanaikataa lami! Wanakaa vikao, wanaandika barua: barabara yetu msiiguse. Kisa? Kwato. Lami inaumiza miguu ya farasi, halafu magari yatakimbia. Mimi niliyeshangilia ahadi ya lami kampeni baada ya kampeni, nikaimba na kofia nikavaa, nakuja kukuta watu wanaigomea! Na wakigoma wamegoma. Mwaka 1993 Disney walitaka kujenga bustani ya burudani pale Haymarket, si mbali na hapa. Walipigwa vita na matajiri wa huku, mwaka uliofuata wakafungasha virago. Mickey Mouse kashindwa, mimi na kigari changu ni nani?

Basi leo asubuhi nakata kona, namkuta mama mmoja juu ya farasi wa kijivu, katikati ya barabara, kanyoosha mkono. Nikasimama.

"Samahani, ungezima injini? Ana wasiwasi."

Nikazima. "Anaogopa nini, mama?"

"Kisanduku cha barua."

"Kimewekwa leo?"

"Hapana, kipo siku zote. Ila leo kiko wazi."

Akanieleza kwa upole kwamba farasi hayuko sawa wiki hii. Jumanne alikuja daktari wa meno kumpigia tupa, Alhamisi wa mgongo, na fundi wa kwato anakuja kesho. Mimi gego linanipiga tangu Pasaka, nalisukutua kwa maji ya chumvi. Nilitaka kumuuliza kama huyo daktari anapokea na binadamu, nikajizuia. Mtu mzima una heshima zako.

"Ungeshuka ukifunge? Taratibu. Na uongee naye, ajue wewe ni mtu."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Nikashuka, nikajiweka sawa shati, na neno lililonitoka, wallahi, ni "Shikamoo."

Masikio yakasimama. Akaniangalia juu mpaka chini, kisha akaitikia kwa kuinua mkia, akamwaga mzigo mbele ya bampa yangu. Yule mama akafurahi mno: "Umeona? Ametulia!" Nyuma yangu magari yamepanga foleni, hakuna anayepiga honi, wote wanatabasamu. Hivi hawa watu hawana kazi? Dawa za mzee ni saa mbili kamili, mimi nasubiri farasi ajisikie!

Nimefika nimechelewa, namweleza mzee kilichonikuta. Akauliza: "Yule wa kijivu? Mgongo wake vipi?"

Sijagusia barakoa za kuzuia nzi wanazowavika farasi kiangazi. Wala uwindaji wao: makoti mekundu, mbwa kundi zima, wanamkimbiza mbweha bonde na kilima, akiingia shimoni basi, wanageuza farasi kwenda kunywa. Hawamtaki! Wanataka mbio tu. Mbweha wenyewe wameshajua. Kuna mmoja kanenepa, kila jioni yuko kwenye pipa letu la taka anachambua mifupa ya kuku bila haraka. Jana nimeokota fimbo, mzee kagonga dirisha kwa ndani: niache mara moja, huyo ni wa msimu ujao.