Kikwazo si mipaka ya majimbo

Makala ninayoijibu inasema majimbo ya Marekani yaungane yawe na bima moja ya afya. Nalitamani hilo, lakini ruhusa ipo: kifungu cha 1333 cha sheria ya afya ya 2010 kiliruhusu mikataba ya majimbo kuuziana bima kuanzia 2016. Georgia na Maine zilishapitisha sheria za kukaribisha kampuni za bima za majimbo mengine mwaka 2011, wala kampuni hazikuja. Kampuni ngeni inabidi ijadiliane bei upya na kila hospitali, kila daktari. Bila hivyo mgonjwa anafika dirishani na kadi mkononi, na bado anapewa bili nzima.

Wanaotaka mfuko mmoja wa umma unaolipia matibabu ya wote waitazame Vermont. Iliuacha mpango wake Desemba 2014, hesabu ilipodai 11.5% ya mishahara kutoka kwa waajiri. Kwa jimbo dogo vile, kuungana na jirani kungepunguza mzigo kweli. Ila waajiri wanaogharimia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wanalindwa na sheria ya shirikisho ya 1974, ERISA. Jimbo haliwagusi, na bila wao mfuko unakosa wachangiaji wengi wenye afya. Muungano uanzie kwenye kununua dawa kwa pamoja, kama majimbo kadhaa yanavyofanya kwa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo.