Mti wa hemloki hauna sumu ya Sokrates
Kuna makala niliyoisoma inayosema sumu iliyomuua Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ilitokana na mti wa hemloki. Si kweli kabisa! Sumu ile ni ya Conium maculatum, mmea wa jamii ya karoti; mti huu ni Tsuga, wa familia ya misonobari, uliopewa jina hilo kwa sababu majani yake yakipondwa hunuka kama mmea ule. Tazama Tsuga canadensis ya mashariki mwa Amerika Kaskazini: jani ni bapa, lina kikonyo kifupi, na upande wa chini lina mistari miwili myeupe. Koni zake (vibeba mbegu vyenye magamba), za sentimita 2 hivi, huning'inia. Wengi huuchanganya na Abies, mti mwingine wa familia hiyohiyo, lakini koni za Abies husimama wima, na majani yakidondoka kitawi hubaki laini. Cha hemloki hukwaruza kidole, maana kila jani huacha kijinundu. Mlioko Marekani, mmeona vidonge vyeupe kama pamba penye mashina ya majani yake? Ndiye mdudu Adelges tsugae anayeiua miti hii.