Kijana wa umanite: acheze na wakubwa au abaki na rika lake?

Shule zikifungwa mwezi wa saba, mabishano hurudi kwenye viwanja vya Katuba, Kenya na Ruashi, sehemu za mji wa Lubumbashi, Kongo. Kijana ana miaka 16 au 17, yuko umanite ya tatu (umanite ni sekondari ya juu, miaka minne), na mguu anao. Timu ya wakubwa ya kartie, yaani ya mtaa wake, inamtaka. Kocha wa shule anasema bado. Wazazi wanataka asome kwanza. Katikati yao kumeingia ndoto nyingine: chuo kikuu cha Marekani kimlipie masomo naye akichezee mpira. Hapa Lubumbashi swali linaulizwa kama vile jibu lazima liwe timu moja. Mimi naona linaulizwa vibaya.

Wanaotaka aende kwa wakubwa wana hoja nzito. Mpira wa vyuo vya Marekani si mpira wa watoto. Anayefika na miaka 18 hukutana na mabeki wa miaka 22 au 23 waliobeba vyuma kwa misimu minne. Kijana aliyezoea kucheza na wa darasa lake hupokea mpira amesimama, kisha ndipo anatazama, kwa sababu shuleni hakuna anayemfikia kwa wakati. Mbele ya mtu mzima nafasi hiyo haipo: ni lazima atazame nyuma ya bega kabla pasi haijafika, na mguso wa kwanza umtoe kwenye presha. Hilo halifundishwi kwa maneno, linafundishwa na kunyang'anywa mpira mara nyingi. Tena mji huu una mfano wake: Trésor Mputu aliingia TP Mazembe, klabu ya hapa, akiwa bado kijana, na mwaka 2009 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikamchagua mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika.

Lakini upande wa pili unaona kitu ambacho timu ya kartie haikihesabu, nacho ni mwili. Wakati wa kurefuka, mifupa hutangulia misuli na kano. Maumivu chini ya kifuniko cha goti kwa kijana anayerefuka mara nyingi ni alama ya hilo, na kumpaka dawa ya moto kisha kumrudisha uwanjani hakuondoi sababu. Dawa ya kwanza ni kipimo: kila mwezi asimame ukutani bila viatu, urefu uandikwe. Ukiona ameongeza zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, punguza miruko na mbio za kasi, ongeza kazi ya mpira.

Tatizo kubwa zaidi ni hesabu ya jumla. Jumatano anafanya zoezi la shule, Alhamisi la kartie, Jumamosi anacheza mechi ya shule, Jumapili mechi ya wakubwa. Kila kocha anaona siku zake mbili tu. Katikati ya kiangazi udongo umekuwa mgumu kama tofali, na baada ya majuma matatu mifupa ya mbele ya miguu inauma. Au kinyume chake: anakaa benchi kwa wakubwa, anapewa dakika 15 za mwisho, na msimu unaisha bila yeye kucheza. Hayo mawili yote yanamrudisha nyuma, na la pili halionekani kwa sababu halina bandeji.

Kwa hiyo mimi ningehesabu dakika. Mtu mmoja, awe kocha wa shule au kaka yake, ashike daftari la dakika zote za mazoezi na mechi, na jumla ya juma isiongezeke kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Umanite ya tatu: mazoezi mawili na rika lake, moja na wakubwa, mechi moja na rika. Kwa wakubwa aingie kwenye mazoezi kwanza, maana huko kocha anaweza kusimamisha mchezo na kumwonyesha alipokosea. Umanite ya nne hesabu igeuke, mechi nyingi ziwe za wakubwa. Na katika majuma nane ya mwisho kabla ya kuondoka, juma moja kati ya mawili liwe na mechi mbili, moja Ijumaa na nyingine Jumapili. Huko Marekani msimu ni mfupi, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi wa kumi na moja, na mechi mbili kwa juma ni jambo la kawaida. Asiyewahi kucheza tena baada ya saa 48 huanguka mwezi wa tisa.

Kuna kanuni nyingine inayobadilisha maandalizi: mpira wa vyuo huruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani katika kipindi cha pili. Makocha hutumia watu wengi, kasi haishuki. Kukimbia polepole kilomita 10 barabarani, kama wengi wanavyofanya alfajiri, hakumwandalii hilo. Mbio za mita 20 kwenda na kurudi, pumziko la sekunde 10, kasi ikipanda, ndizo zinazofanana na mchezo. Misuli ya nyuma ya paja nayo inataka zoezi lake: apige magoti, mwenzake ashike visigino, ashuke mbele polepole. Aanze na seti 2 za mara 5, mara mbili kwa juma. Kosa la kawaida ni kukunja kiuno. Hapo msuli haufanyi kazi yake yote.

Na chakula kisisahauliwe. Anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kula bukari (ugali) usiku tu anafanya zoezi la saa tisa mchana tumboni hamna kitu. Maharagi au kapenta (dagaa) saa sita, hata kidogo, vinabadilisha zoezi lote.

Mwisho ni karatasi, na hapa timu za wakubwa huumiza vijana bila kukusudia. Sahihi kwenye mkataba wa kulipwa inaweza kumfungia mlango wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Tarehe ya kuzaliwa kwenye lisensi (kadi ya mchezaji) ikitofautiana na ile ya shule, faili linakwama. NCAA Division I, daraja lake la juu, hudai masomo 16 ya msingi kutoka miaka ya sekondari, kwa hiyo bulteni (ripoti za alama) za kila mwaka zitunzwe zote, si diploma peke yake. Kiingereza kianze miaka miwili kabla, kwani Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inafanywa kwa Kifaransa. Tena kambi za mazoezi za vyuo hufunguliwa mwezi wa nane, wakati wengine wetu bado wanasubiri matokeo au karatasi ya diploma. Mara nyingi ni salama zaidi kuomba kuanza mwezi wa kwanza, baada ya kumwuliza kocha wa chuo kama kuchelewa huko kutamla muda wa kucheza, maana kanuni hizo hubadilika. Na video anayotumiwa kocha huyo iwe mechi nzima, ipigwe kutoka mahali pa juu katikati ya uwanja, namba ya jezi isomeke, pamoja na dakika zile ambazo kijana hana mpira.