Kaskazini ya Japani usiende bila mtu wa kukuelezea

Naomba nianze na koti. Tulikuwa Hirosaki, mkoa wa Aomori, kule juu kabisa ya kisiwa kikuu cha Japani, kwenye chumba kimoja chenye meza za mbao, akina mama watatu wanashona kimya kimya, tukaonyeshwa koti la zamani la mkulima. La katani (si ile ya mkonge, ni nyuzi za mmea wa bangi), buluu iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi, na kifuani limejaa mishono myeupe ya almasi almasi, imepangwa utadhani imepimwa na mashine. Nikasema zuri sana hili, nikatoa simu nipige picha. Mama aliyekuwa anatuongoza akanishika mkono taratibu, akasema ngoja kwanza usikie, afu ndo upige.

Basi akatueleza. Pamba kule haioti, baridi kali mno, na enzi za watawala wa zamani wakulima wa eneo hilo la Tsugaru walikatazwa kisheria kuvaa nguo ya pamba, wao ni katani tu, na kitambaa chake kina matundu, upepo unapita, na theluji ya kule inafika kimo cha mtu. Wanawake wakaanza kuziba yale matundu kwa uzi, wanahesabu nyuzi za kitambaa moja moja, wanapitisha sindano, kwanza kwa uzi wa katani, baadaye wakapata na uzi wa pamba. Kwa hiyo zile almasi si pambo lililotangulia, zilianza kama joto, zilianza ili mtoto na mume wasife na baridi shambani, uzuri ukaja hapo hapo ndani ya kazi. Kazi hiyo inaitwa kogin. Reli ilipofika Aomori mwaka 1891 nguo za pamba zikaanza kupatikana kirahisi na kogin ikaanza kupotea, ikaja kufufuliwa tena karne ya 20.

Mi nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu, mzaa mama, mtu wa Pangani. Alikuwa akituhadithia habari za kaniki. Si mnaijua kaniki, nguo ya buluu nyeusi, nguo ya mtumwa na mtu wa shamba, ukiivaa watu wanajua daraja lako kabla hujafungua mdomo, ndo maana kanga zilipokuja wanawake wa pwani wakazipokea kwa nguvu ile. Nchi mbili ambazo hazijuani kabisa, rangi ile ile ya buluu, na sheria ile ile ya kumwambia maskini hii ndo saizi yako. Ningepiga picha nikaondoka ningebaki na koti zuri kwenye simu, basi.

Na hilo ndo linalonifanya niandike. Miaka yote nilikuwa napinga hizi safari za kundi, za kumfuata mtu mwenye kibendera, naona kama watu wanafugwa. Mdogo wangu anaishi Sendai, jiji la huko huko kaskazini, ndo aliyelipia nafasi mbili, akaniambia kaka safari hii tunaenda na kundi, usibishe, siku 6 za sanaa na utamaduni kutoka Sendai mpaka Aomori halafu Akita, na mimi nikabisha sana kwenye simu. Sasa hivi nasema wazi: Tokyo zunguka mwenyewe, Kyoto zunguka mwenyewe, maandishi yako kila kona. Ila kaskazini, ile mikoa 6 wanayoiita Tohoku, lipia mtu wa kukuelezea. Mambo ya kule yamekaa kimya, hayajitangazi, na vitu vingi muhimu ukivitazama hivi hivi unaona kitambaa, birika, shimo la nguzo.

Mfano Hiraizumi. Unapanda kilima chenye miti mirefu mpaka hekalu la Chusonji, unaingia kwenye jengo la zege, na ndani yake nyuma ya kioo kuna kajengo kadogo, mita 5 na nusu hivi kila upande, kote dhahabu. Kalikamilika mwaka 1124. Watu wengi wanakaa dakika tano wanatoka. Sisi Mama (mimi na mdogo wangu tulishaanza kumwita Mama tu) alitukalisha nje kwanza kwenye benchi, akatueleza habari za Kiyohira, mtawala aliyelijenga, kwamba alipoteza watu wake katika vita akiwa bado kijana, mke na watoto wakiwemo, na alipokuja kupata nguvu hakujenga ngome, akajenga mahali pa kuwaombea waliokufa vitani, wa upande wake na wa upande wa adui, wote. Dhahabu yenyewe ilitoka kwenye ardhi ya huko huko kaskazini. Mwili wake umo chini ya ile madhabahu, na wa mwanawe, na wa mjukuu, na kichwa cha kitukuu, Yasuhira, aliyeuawa mwaka 1189 ukoo ulipoangushwa. Mwaka 1950 wataalamu walipofungua kule chini wakakuta mbegu za yungiyungi kwenye kile chombo chenye kichwa. Wakazitunza, wakazihangaikia, na mwaka 1998 zikatoa maua. Miaka zaidi ya 800! Tulipopita sisi, mwanzoni mwa Agosti, yalikuwepo machache kwenye kidimbwi chini ya hekalu, ya waridi iliyopauka, nikashindwa kuondoka pale mpaka nikaitwa.

Halafu kuna kitu kingine mle ndani. Nguzo zimepambwa kwa maganda ya konokono wa baharini yanayong'aa, konokono wa bahari ya joto ya kusini, mbali kabisa na theluji ile, na kuna pembe za ndovu. Mama alipotamka pembe za ndovu akanitazama mimi. Sasa mtu wa pwani ukisikia hivyo karne ya 12 unafikiria nini? Al-Masudi, yule mwandishi Mwarabu aliyefika pwani yetu karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj (ndivyo Waarabu walivyoiita pwani yetu) zinapelekwa Oman, na kutoka Oman zinakwenda India na China. Na vitu vya mbali vilikuwa vinaingia Japani kutokea China. Nilikaa na wazo hilo njia nzima ndani ya basi, sikuongea na mtu.

Morioka tulikwenda kuona mabirika ya chuma. Fundi anatengeneza kalibu ya mchanga na udongo, na vile vidoto vidoto unavyoviona nje ya birika anavichoma kimoja kimoja kwenye kalibu ikiwa bado laini, kwa kifimbo, mamia kwa mamia, hakuna kukosea. Chuma kikishamiminwa na kutolewa, birika linarudishwa tena kwenye moto mkali wa mkaa ili lijitengenezee ngozi ndani isiyoshika kutu, ndo maana ukilinunua unaambiwa usilisugue ndani kabisa. Fundi alikuwa mzee, anaongea kidogo, na Mama hakumkatisha hata mara moja, alisubiri amalize pointi yake yote ndo anatafsiri, akikaa kimya fundi na yeye anakaa kimya. Nimeshaona waongozaji wengi wanaomfunika fundi kwa maneno yao wenyewe. Huyu hapana, na kwa kweli hapo ndo nilipoanza kumheshimu sana.

Towada sitakaa sana. Kuna jumba la sanaa ya kisasa la mwaka 2008, la msanifu Ryue Nishizawa, vyumba vyeupe vimetawanywa kama maboksi, na ndani kuna sanamu ya mwanamke mzee, kazi ya mchongaji Ron Mueck, urefu kama mita 4, ngozi na mishipa yote kama mtu hai. Inashangaza, ndio. Ila ilinipita, ningeweza kuiona popote duniani na tulipewa saa mbili na nusu nzima pale wakati kwa yule mzee wa mabirika tulipewa dakika 50. Hilo lilinikera na bado linanikera.

Jumba la sanaa la Aomori ni habari nyingine maana limejengwa likijua lipo wapi. Ni la msanifu Jun Aoki, lilifunguliwa 2006, na liko jirani kabisa na Sannai-Maruyama, kijiji cha watu wa Jomon, watu wa kale kabisa wa Japani, ambao walikaa hapo kuanzia miaka 5,900 hivi iliyopita hadi 4,200 hivi. Mwaka 1992 mkoa ulianza kuchimba ili ujenge uwanja wa besiboli, vyungu na nyumba zikaanza kutokea ardhini kwa wingi usio wa kawaida, na ujenzi ukasimamishwa, uwanja ukaachwa. Nirudie, uwanja ukaachwa! Kuna mashimo 6 ya nguzo za mti wa chesnati, kila nguzo unene wa karibu mita moja, yamepishana mita 4.2 kila mahali bila kukosea. Watu waliokuwa hawana chuma. Aoki akalifanya jumba lake liwe kama limezama kwenye mitaro ya uchimbaji, sakafu za udongo chini, kuta nyeupe zinashuka kutoka juu. Ukitoka pale kwenye mashimo ukaingia ndani unahisi bado uko kwenye uchimbaji ule ule.

Hapo jumbani yupo mbwa mweupe mkubwa, sanamu ya msanii Yoshitomo Nara, mzaliwa wa Hirosaki, mita 8.5, ameinamisha kichwa kwa huzuni fulani. Na kuna ukumbi wenye mapazia ya jukwaa aliyochora mchoraji Marc Chagall mwaka 1942 kwa ajili ya baleti iitwayo Aleko, kila moja kama mita 9 kwa 15. Kaskazini ile ya maapulo na theluji, unakutana na mapazia ya Myahudi aliyekimbia vita Ulaya. Tulikaa sakafuni.

Usiku wa tarehe 5 tukaenda Nebuta. Hii sijui niielezeeje. Kila mwaka tarehe 2 hadi 7 Agosti mji unatoa masanamu ya karatasi ya mashujaa na mapepo, mengine upana wa mita 9, mifupa yake ni waya na mbao, ndani kuna taa, yanasukumwa na watu barabarani, ngoma nyuma yake ni kubwa kiasi kwamba unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Wachezaji wanaruka wanaitikia rassera rassera, na mgeni yeyote akivaa vazi lao anaruhusiwa kuingia, kwa hiyo tuliazima mavazi mimi na mdogo wangu tukaingia. Kabla ya hapo mchana Mama alikuwa ametupeleka kwenye makumbusho ya Nebuta tukaelezwa jinsi mistari ya wino mweusi inavyochorwa kwanza, halafu nta inapakwa mahali rangi isitakiwe kufika na mwanga upite vizuri, ndipo rangi. Kwa hiyo usiku lile pepo lilipogeuzwa likanielekea na macho yake ya njano nilikuwa najua lile jeupe la jichoni ni nta. Na wingi wa masanamu yale sherehe ikiisha yanavunjwa, machache tu yanahifadhiwa, mwakani fundi anaanza upya kabisa.

Akita nitaje picha moja tu, ya mchoraji Tsuguharu Foujita ya mwaka 1937, urefu zaidi ya mita 20, maisha ya watu wa Akita, sherehe, theluji, mbwa, wauza mbao, na aliimaliza kwa siku 15. Nenda uione.

Sasa kasoro. Ratiba ya siku 6 ilipita Sendai na haikugusa pwani hata kidogo. Nilipouliza ofisi ya hao walioandaa safari wakanijibu kwamba hii ni safari ya sanaa na utamaduni, mambo ya maafa yana safari zake. Sikubaliani, na nasema hivi kwa heshima zote. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8 na dakika 46 mchana, tetemeko lile lilipiga mikoa hii hii, bahari ikapanda, karibu watu 16,000 wakathibitishwa kufa na wengine zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Unawezaje kunieleza utamaduni wa watu ukaruka hapo? Namna wanavyowakumbuka wafu wao, wanachoamua kubomoa na wanachoamua kukiacha kisimame, huo si utamaduni?

Safari ilipoisha tukarudi Sendai, na kesho yake mdogo wangu akanipeleka Arahama, shule ya msingi iliyo karibu na bahari. Tulimwomba Mama, akaja, siku yake ya mapumziko, bila kibendera. Maji yalifika ghorofa ya pili, ukihesabu na ya chini. Watu 320, watoto, walimu na majirani, waliokoka kwa kupanda darasa za juu na paa. Nyumba zote zilizokuwa zimeizunguka zilikwenda, sasa ni uwanda mtupu mpaka baharini, na jiji likaamua jengo libaki lilivyo, vyuma vya roshani vimepinda, alama ya maji ukutani, kuanzia 2017 mtu yeyote anaingia. Mzee mmoja wa pale ndiye aliyetueleza, Mama akawa anatafsiri kwa sauti ya chini, mahali pengine akanyamaza, tukasubiri.

Juu ya paa akaniambia maneno machache tu, kwamba Kiyohira angeielewa shule hii. Nimeshawaandikia wale waandaaji, sijajibiwa bado, nimewaomba Arahama iwe siku ya kwanza asubuhi, kabla ya dhahabu ya Hiraizumi, na ule muda wautoe kwenye zile saa mbili na nusu za Towada.