Kadi ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Pesa za korosho zikishaingia Mtwara, watu huoa. Minada ikianza tu Oktoba, mimi hapa steshenari naagiza karatasi ngumu mapema, maana kamati za harusi huwa hazina simile.

Kamati hii ilikuja na faili kutoka Dar es Salaam, kazi ya binamu wa bwana harusi, kijana anayejiita dizaina. PDF yenyewe ilipendeza: mandhari ya damu ya mzee, jina la bwana harusi kwa dhahabu, la bibi harusi jeupe pee, herufi zenye mikia ya mikogo. Nikaifungua kwenye skrini, kamati nzima ikaguna kwa raha. Baba mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, akasema, "Chapa zote, mwanangu, tunatawanya leo leo."

Nikachapa. Mjomba mmoja asiyejua kutulia akanyakua furushi la kwanza likiwa bado la moto, akadandia bajaji kwenda Mikindani. Ndipo akaingia mama wa bibi harusi. Akaisogeza kadi karibu na macho, akaipeleka mbali, akaigeuza nyuma.

"Huyu kijana anamuoa nani?"

Nikachungulia. Jina la bwana harusi linang'aa, likafuata "na", halafu damu ya mzee tupu mpaka kwenye tarehe. Ukumbi upo. Namba ya kutumia mchango ipo, tena imetoka vizuri kuliko vyote.

Nikazima mashine, nikaiwasha. Nikatikisa tona, nikabadilisha trei. Bibi harusi hatoki. Kwenye skrini yumo, anameremeta. Kwenye karatasi hayumo. Mzee mmoja wa kamati akasema jina limekuwa kama korosho za stakabadhi ghalani, kwenye maandishi zipo, mkononi huna kitu. Mtani wa ukoo akashauri wasirudie kuchapa, wauze ile nafasi mnadani. Shangazi hakucheka. Alitaka ubani uchomwe kabla mashine haijaguswa tena.

Tukampigia dizaina. "Mbona kwangu iko poa?" Na kweli, akatuma picha ya simu yake na jina limo. Hilo jibu, ndugu msomaji, ndilo litakaloniua siku moja.

Nikaligeuza faili kuwa EPS, aina nyingine ya faili la kuchapia, nikaituma hiyo. Mashine ikafikiri, ikakohoa, ikatema ukurasa mmoja wenye mistari miwili ya Kiingereza cha kulalamika na herufi zisizosomeka. Huo kwa kawaida ni ujumbe wa PostScript, lugha ya mashine za kuchapa, kwamba imekwama, unautupa unaendelea. Shangazi akauwahi, akaukunja mara nne, akautia kwenye mkoba. Alisema anaye mtu wa kuusoma.

Kilichonifungua macho ni kile kiprinta changu kidogo cha wino, cha kutolea kopi za vyeti. Nilikipa faili lile lile kwa kukata tamaa, na jina likatoka! Mashine mbili, faili moja, majibu mawili. Basi tatizo si tona wala si jini. Kuna amri humo ndani ambayo mashine kubwa inaitii na ndogo inaipuuza.

Mashine zetu hizi hazina wino mweupe. Herufi nyeupe kwenye kadi ni karatasi yenyewe, rangi ya chini ikiwa imeachiwa tundu. Sasa herufi nyeusi ndogo watu huzipa amri ya kuchapwa juu ya rangi bila kuacha tundu, ili karatasi ikisogea kidogo mtamboni pasionekane ukingo mweupe. Kijana wa Dar alichukua kadi ya harusi nyingine, yenye maandishi meusi, akabadilisha rangi tu. Amri ikabaki. Kwa rangi nne za mashine, nyeupe ni sifuri ya saiani, sifuri ya majenta, sifuri ya njano, sifuri ya nyeusi. Ukiichapa sifuri juu ya damu ya mzee, unapata damu ya mzee. Jina la bwana harusi aliliandika upya, ndiyo maana likapona.

Kuhakikisha, nikaingia kwenye Acrobat, programu ya PDF, sehemu inayoonyesha faili litakavyochapwa hasa, nikaweka tiki kuiga uchapaji wa juu, yaani ile amri. Jina likafutika kwenye skrini, pap! Sikujua mama yuko nyuma ya bega langu.

"Yallah! Umemfuta mwanangu!"

Nikaondoa tiki, akarudi. Nikaweka kumwonyesha, akatoweka. Mzee wa stakabadhi akavua kofia. Mtani naye akanivuta pembeni kuniuliza kama hicho kidude kinafanya kazi kwa wakwe.

Dawa yenyewe haikuchukua muda: kijana aiondoe ile amri kwenye faili la asili, atoe PDF mpya. Akatuma picha ya WhatsApp, ukungu mtupu. Nikamwambia itume kama dokumenti. Akaishiwa bando. Baba mdogo akamnunulia, akaandika kwenye daftari la kamati: "gharama za kumrudisha bibi harusi".

Kadi mpya zikatoka, jina jeupe pee. Mama akazikagua moja moja, kila kadi akilisoma kwa sauti. Tulikuwa katikati ya ukaguzi huo simu ya baba mdogo ikaita, akaweka spika. Mzee mmoja kutoka Mikindani, sauti ya upole kabisa.

"Kadi nimeipata, nashukuru. Nimeona mahali pa bibi harusi bado pako wazi. Sasa mimi hapa ninao mabinti wawili. Picha nitume kwa namba hii hii ya mchango?"